Miti Isiyojali Ukame

Vijana wangu wa kitengo cha vipimo,

Mmeniomba kwenye kundi letu la WhatsApp niwaandikie machache ya kuwausia. Aliyetuma ujumbe aliweka na picha ya mshumaa na mikono iliyounganishwa kwa sala, nikadhani nimeshakufa. Sijafa. Nimestaafu tu, nipo nyumbani Mufindi, nina muda mwingi na hasira kidogo, na vitu hivyo viwili vinamtosha mtu kuandika.

Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na mshahara mnaujua, ni huohuo mnaolalamikia nyinyi. Nitawaandikia juu ya fimbo. Ni ileile mliyokuwa mkigombania kuibeba mlipokuja mafunzoni, kwa sababu niliwaambia imewazidi umri. Kwa fimbo hiyo nilipima misindano, ile mipaini ya milima yetu, kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa fimbo hiyohiyo niliwafanya wanawake kumi na wanane wa Nyololo waache kulima maharage, wapande miti isiyokua. Kwenye hafla ya kuniaga mlisema mimi ni maktaba inayotembea. Maktaba hiyo ilikuwa na kitabu kimoja, nacho kilikuwa cha uongo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na cheti cha chuo, viatu vinavyong'aa na kalamu mbili mfukoni. Nilikabidhiwa kwa Mzee Mgaya, mpima miti mkuu, mtu mwembamba ambaye Jumapili alikuwa katekista na siku nyingine zote alikuwa mkali. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Hiyo kalamu ya pili ya nini? Unadhani mti utakuuliza maswali?"

Akanichukua hadi kiwanja cha vipimo. Kwa wale mnaosoma hili nje ya kazi yetu: ni kipande cha shamba ambacho msumeno hauruhusiwi kukigusa. Kila mti una namba yake, na kila mwaka baada ya mvua unapimwa unene ili tujue hali ya hewa ya mwaka huo imeufanyia nini. Unene hupimwa kwenye kimo cha kifua. Mimi ni mfupi, kifua changu kilikuwa kinakomea kwenye mkanda wa Mgaya, kwa hiyo niliuliza kwa nia njema kabisa, kifua cha nani.

"Si chako wala changu," alisema. "Chako bado kinakua, changu kinasinyaa. Hiki hapa ndicho kifua." Akanionyesha fimbo.

Ilikuwa ya mninga, imekatwa butu pande zote mbili, urefu mita moja na sentimita thelathini kamili. Unasimama upande wa juu wa mteremko. Unafagia kwa buti majani makavu ya msindano, ambayo hulala kama zulia hadi kifundo cha mguu, mpaka uone udongo mwekundu. Unasimamisha fimbo juu ya udongo. Pale inapoishia unachora mstari mweupe wa rangi kuzunguka mti, kisha unazungusha utepe juu ya mstari huo. Mwaka unaofuata unapima palepale. Mstari ukififia, unaupaka tena palepale. Mgaya alifanya hivyo mti hadi mti kuanzia alfajiri hadi jioni, na mimi nilikuwa nafagia majani hadi magoti yananiuma.

Siku ya tatu nikamshauri. "Mzee, kwa nini tusiichonge hii fimbo ncha? Itapenya yenyewe kwenye majani. Tungemaliza mapema."

"Fimbo haichongwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni fimbo. Si mkuki."

Nilicheka moyoni. Nilidhani mzee hana sababu, anatetea mazoea tu, kama wazee wanavyofanya. Leo naona alikuwa amemaliza somo zima kwa maneno sita na mimi nikalipita nikienda kutafuta akili kwingine.

Mengine aliyonifundisha niliyashika, nami nawaachia. Msindano wa mlimani haukui kwa kupendwa wala kwa hotuba. Ule wa kwenye kingo za juu, ambako ukungu hupanda kutoka bondeni na manyunyu hudondoka hata Juni na Julai, hunywa wakati wenzake wana kiu. Teremka upande wa Nyololo, kuelekea barabara kuu, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, ukungu umeshakwisha na upepo ni mkavu. Mbegu ni ileile, kitalu ni kilekile, mwaka wa kupanda ni uleule, lakini wa juu una unene wa paja na wa chini una unene wa mkono. Mabondeni kabisa ni balaa jingine: baridi ya usiku hutulia huko, asubuhi sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeichoma miche ikawa myeusi kama imemwagiwa maji ya moto. Kwa sababu hiyo usipande bondeni, hata kama wakubwa wanapapenda kwa vile gari linafika.

Alinifundisha pia kusoma visiki. Alikuwa anakilowesha kisiki kwa kitambaa, pete zinajitokeza: pana nyeupe ya wakati wa mvua, nyembamba nyeusi ya kiangazi. Hakuwa anaitaja miaka kwa tarakimu. "Huu ni mwaka wa kipaimara cha Fabiani wangu. Ona ulivyo mwembamba. Mvua ilikatika Februari, tulikula viazi mpaka tukavichukia." Nilimheshimu kwa hilo, ingawa si sana.

Mgaya alistaafu, akanikabidhi fimbo na makopo matatu ya rangi nyeupe. Makopo hayo yalikaa kwangu wiki mbili. Ilitangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja, na mnajua nchi yetu ikisikia mgeni mkubwa hufanya nini kwanza: hupaka mawe rangi. Mawe yote kuanzia lango la ofisi hadi mlango wa meneja yalipakwa rangi ya miti yangu. Mgeni alipita ndani ya gari lenye vioo vyeusi, hakushuka, na kama aliyaona mawe hakusema. Nikaomba rangi nyingine. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa ombi liko kwenye mchakato. Mchakato huo una umri wa kuoa sasa.

Msidhani namsimanga mtu mmoja. Tulikuwa hivyo wote. Mbele ya ofisi kulikuwa na shimo moja la kupandia miti ambalo kila mwaka kiongozi fulani alipanda mche, akapigiwa makofi na kupigwa picha. Sherehe ilipangwa kwa kufuata nafasi ya kiongozi, si mvua, kwa hiyo mche ulikauka, na mwaka uliofuata shimo lilikuwa tayari. Lile ndilo shimo lililopandwa miti mingi kuliko yote nchini na halikuwahi kutoa kivuli cha kuku.

Bila rangi, mistari ya Mgaya ikaanza kubanduka pamoja na maganda. Nikabaki na fimbo peke yake. Hapo ndipo akili yangu kubwa ilipoamka. Nilitoa kisu nikaichonga fimbo ncha. Siku ile nilimaliza kiwanja kizima saa nane mchana. Sikufagia jani hata moja: nachoma tu, inapenya zulia, inazama kidogo kwenye udongo, naangalia inapoishia, napima. Ncha ikipigwa na mawe ikawa butu, naichonga tena. Kila msimu naichonga. Meneja wa wakati huo alinisifu mbele ya wafanyakazi na kunipa cheti cha ubunifu kazini. Nilikitia kwenye fremu. Mke wangu alikitundika sebuleni, juu ya televisheni.

Mtu yeyote mwenye kijiko kimoja cha akili ameshaona kilichokuwa kinatokea. Fimbo ilikuwa inafupika. Kila mwaka nilipima chini kidogo, karibu zaidi na tako la mti ambako ni pana. Kwa hiyo kila mwaka kitabu changu kilionyesha miti imeongezeka. Mwaka wa mvua nzuri, imeongezeka. Mwaka ambao mto ulikauka na ng'ombe wakafa kule Igawa, imeongezeka. Milimita tatu, milimita nne, kwa utulivu mkubwa. Misindano isiyojali ukame! Nilipaswa kushtuka. Badala ya kushtuka, nilijisifu kwa namba zangu kutulia.

Nikahamishwa Mbeya kwa miaka minne, kwenye viwanja vya milimani juu ya jiji. Fimbo nilienda nayo. Shamba la mwisho la viazi lilipakana na kiwanja changu, na mwenyewe alikuwa Mzee Mwazembe, Msafwa mwenye koti moja la mvua na maneno machache. Siku moja alisimama akaniangalia nikichoma fimbo yangu.

"Kaka, hii miti yenu imesimama."

"Ulitaka ilale?"

Hakucheka. "Haikui. Hii ya mpakani mimi naikumbatia kila mwaka tukianza kuvuna viazi. Mwaka juzi vidole vyangu viligusana. Mwaka jana viligusana. Leo asubuhi vimegusana. Ukungu siku hizi unapita juujuu, kama mgeni ambaye hataki kula kwako."

Nilifungua kitabu nikamwonyesha namba. "Mzee, huu umeongezeka milimita nne."

"Umeongezeka wapi?"

"Kwenye kitabu."

Nililisema hilo kwa kinywa changu, mchana kweupe, bila aibu. Nikaongeza kwamba labda ni mikono yake inayorefuka. Alinitazama, akaingia shambani, akanijazia viazi kwenye mfuko wa kaki. Nilivila.

Haikuishia hapo. Tuliitwa kwenye warsha mjini Iringa, kwenye hoteli yenye viti vilivyovalishwa vitambaa kama mabibi harusi. Mtaalamu alikuwa ametumia vitabu vyangu. Kwenye ukuta mistari ya rangi ilikuwa inapanda, na alieleza kwa ufasaha kwamba milima yetu imepata joto zaidi, na kwa kuwa baridi ndiyo iliyokuwa inaizuia misindano, sasa imepata nafuu, ndiyo maana haitikiswi na ukame. Kila sentensi ilikuwa ya kisomi na kila moja ilisimama juu ya fimbo yangu. Mtaalamu huyo hakuwa mjinga. Alipewa chumvi kwenye kopo la sukari, akapika chai kwa ustadi wake wote, na ukumbi mzima tukanywa tukaisifu. Niliombwa nisimame nipigiwe makofi. Nilisimama. Nikaketi, nikala kuku.

Niliporudi Mufindi ndipo alipokuja Mama Faraja. Huyu ni fundi cherehani wa Nyololo, mjane, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wanane wa usharika wao wa Kilutheri. Walikuwa na mteremko wao unaotazama magharibi, wanalima maharage na ulezi kwa zamu. Watoto wao wa chekechea walikuwa wanasomea kwenye kibaraza cha kanisa, na wanawake hao walitaka kuwajengea chumba. Mtu alikuwa amewaambia wapande misindano, wapate mbao zao wenyewe. Alifika ofisini na mzigo kichwani umefungwa kwa khanga.

"Kamwene, Baba Neema."

"Kamwene, Mama Faraja. Karibu."

Akafungua khanga. Ndani kulikuwa na kigoda cha kipande cha gogo, kimekaliwa mpaka kimeng'aa. "Hii ni ya miti ya marehemu mume wangu, ilikuwa upande uleule wa mteremko wetu. Naomba uniangalizie. Hapa katikati pete ni pana. Lakini huku nje zimebanana, hata ukucha haupiti. Ndiyo nikasema nikuulize. Upande huo bado unafaa miti? Kwa sababu tukipanda, maharage basi."

Swali zuri kuliko hilo sikuwahi kuulizwa na mtaalamu yeyote, na jibu lilikuwa juu ya meza yangu, linang'aa. Nikamwambia pete huwa zinadanganya. Nikamtolea hotuba: mvua ikinyesha katikati ya kiangazi mti hutengeneza pete ya uongo, kwa hiyo mtu asiyesoma akizihesabu atapotea. Ni kweli kabisa, na haikuhusiana na alichouliza. Kisha nikafungua kitabu. "Upande wenu huo nina kiwanja cha vipimo. Miti inaongezeka kila mwaka, ukame uje usije. Pandeni."

Akakifunga tena kigoda chake kwenye khanga.

"Haya, Baba Neema. Wewe ndiye umesoma."

Walipanda. Walichimba mashimo wenyewe, walibeba miche kichwani kutoka kitaluni, mvua za kwanza zikawa nzuri na miche ikasimama vizuri. Mwaka wa tatu mvua zilikatika mapema. Wa nne zilichelewa. Nilipita pale mara mbili nikiwa kwenye gari na kupunga mkono. Mwaka wa saba miti ambayo ilipaswa kuwa na unene wa paja la mtu mzima ilikuwa na unene wa kifundo cha mkono, imebanana, na chini yake majani makavu tu. Hakuna ulezi, hakuna maharage, hakuna mbao. Wanawake waliokuwa wanalisha nyumba zao kutoka mteremko ule walikuwa wananunua maharage ya watu wengine sokoni. Na hakuna hata mmoja aliyekuja kunitukana. Mama Faraja alikuwa ananiita tu kila mwaka nije nipime, kwa adabu, kama mtu anavyomwita daktari ambaye bado anamwamini.

Mwaka huo wa saba nilifika na fimbo yangu. Wanawake sita walikuwepo na majembe yao. Nilichoma, nikazungusha utepe, nikatangaza: "Umeongezeka."

Mama Faraja alisogea. Kwenye ule mti alikuwa amefunga uzi mwekundu wa cherehani mwaka uliopita, pale nilipopimia. "Baba Neema, mwaka jana si ulipima hapa penye uzi? Mbona leo umeshuka?"

Nikatazama. Uzi ulikuwa juu ya utepe wangu kwa upana wa kidole, na ulikuwa umelegea vilevile kama alivyoufunga. Sasa sikilizeni nilichojibu, mimi, mwenye cheti cha ubunifu. Nilisema: "Uzi wako umepanda pamoja na mti."

Hata mtoto wa Mufindi anajua mti hurefuka kileleni tu. Msumari uliopigwa kwenye gogo hubaki ulipopigwa.

"Baba Neema," alisema polepole, kwa sauti ya kumsaidia mtu mzima aliyejikwaa mbele za watu, "hii fimbo inatakiwa iwe ngapi?"

"Mia na thelathini."

Akavua futi yake shingoni, ile ya kitambaa laini ambayo mafundi cherehani huivaa siku nzima mpaka wanasahau kuwa wameivaa. Akainyoosha juu ya fimbo, kidole gumba juu, macho chini kwenye ncha.

"Mia na tisa."

"Pima tena."

"Mia na tisa. Nimekata sare za kwaya tatu kwa futi hii, na hakuna aliyerudisha gauni."

Nyani haoni kundule, wanasema. Nilikuwa nimepima maelfu ya miti na sikuwahi hata siku moja kuipima fimbo. Nilikaa chini pale pale, kwenye majani niliyokataa kuyafagia kwa miaka thelathini. Mmoja wao alicheka, mwingine akampiga kiwiko. Niliona haya mpaka masikio yakaniwasha, na nataka mjue kwamba nilistahili.

Wiki mbili zilizofuata nilizunguka viwanja vya zamani nikitafuta mistari ya Mzee Mgaya. Kwenye miti arobaini na kitu bado ilionekana, nyuzinyuzi nyeupe kwenye mifereji ya maganda. Nikazungusha utepe juu ya mistari hiyo, nikalinganisha na namba alizoziacha yeye. Ile ya kwenye kingo za ukungu ilikuwa bado inakua, polepole kuliko zamani. Ile ya upande mkavu ilikuwa imesimama miaka mingi. Kigoda cha Mama Faraja kilisema kweli. Vidole vya Mzee Mwazembe vilisema kweli. Mimi peke yangu, niliyelipwa kusema kweli, ndiye niliyekuwa nadanganya, tena kwa mwandiko mzuri.

Nikaenda kwa meneja, huyu wa sasa, kijana mpole.

"Mzee wangu, umebakiza miezi minane," alisema. "Hizi takwimu zimeshaingia kwenye mpango."

"Ni za uongo."

"Nimekuelewa mzee. Ni za uongo, lakini ndizo rasmi. Andika barua."

Niliandika. Nadhani iko mahali pamoja na barua ya rangi.

Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya nilisimama mbele ya wanawake wale kwenye uwanja wa kanisa, na watoto wa chekechea walikuwa wanachungulia kutoka kibarazani. Niliwaeleza yote: kisu, ncha, cheti, kitabu, kigoda. Niliwaomba radhi. Hakuna aliyesema amenisamehe na hakuna aliyelia. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma aliuliza swali moja tu: "Miaka saba ya maharage, baba, unaipima kwa fimbo gani?"

Mama Faraja ndiye aliyenitoa kwenye swali hilo. "Sasa tufanye nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilianza jibu kwa kusema sijui. Sijui mvua zitakujaje. Ninachojua ni kwamba maji ni kidogo na wanywaji ni wengi mno. Kateni mti mmoja, acheni mmoja, mkiacha ulio na nguvu. Ukanda wa chini ng'oeni wote mrudishe maharage. Juu, penye udongo mzito, iacheni michache muiangalie. Na msipande kitu kingine chochote kwa sababu mimi nimesema.

Tulikata pamoja, kila Jumamosi, miezi miwili. Nyinyi mlionishika mkono kwenye hafla ya kuniaga mkasema mzee bado una mikono ya kazi, yale yalikuwa malengelenge ya mteremko ule. Maharage yamerudi, si kama zamani, kwa sababu udongo wa misindano una uchachu na utachukua muda. Chumba cha chekechea hakijajengwa. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na suti na makaratasi, anawahimiza wapande parachichi mteremko mzima, maana sasa kila mtu nyanda za juu ni mtaalamu wa parachichi. Mama Faraja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza: "Na wewe ulipima kwa kutumia nini?" Bwana yule hajarudi.

Nasikia mtapewa droni ya kuhesabu miti kutoka angani. Hongereni. Ipimeni na yenyewe. Na fimbo yangu mliyoitundika ofisini na kibao cha jina langu, iteremsheni, au mwandike chini yake urefu wake wa kweli ili wageni waone.

Juzi Mama Faraja aliniita. Mvua za mwaka huu zilikatika Machi. Kwenye kila mti uliobaki kuna mstari mweupe tangu mwaka jana, kwa rangi iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa, na kimo aliupima yeye kwa futi yake. Nilianza kuinama niuzungushe utepe, akanizuia.

"Fagia majani kwanza."

Nilifagia kwa buti hadi udongo ukaonekana. Akasimamisha futi kuhakiki mstari, kisha akazungusha utepe mwenyewe, akavaa miwani na kusoma. Mimi nilikuwa nimeshika daftari la shule na penseli yake ya kuchorea vitambaa.

"Ileile ya mwaka jana."

"Labda kuna milimita moja hapo," nilisema. Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea.

"Baba Neema."

"Ndiyo, mama."

"Ni ileile. Andika."

Niliandika: haujaongezeka. Mwandiko ulinitoka vibaya, maana katika miaka yote ya kazi yangu neno hilo sikuwahi kuliandika.